Fundi Nisiyemwamini

Juma zima mimi ni mtu wa kuitwa. Nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni, mjini Markham. Kila chumba kina kengele yake, na kila kengele inamtaka mtu. Nikifika nyumbani naitwa tena. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoingia katika klabu ya shabaha na kuvalishwa vizuia sauti masikioni, nilibaki nimeduwaa. Watu walikuwa wakifyatua risasi kulia na kushoto, lakini mimi nilisikia pumzi yangu tu.

Wanawake wenzangu wa kanisani wangejua ninakokwenda Jumamosi asubuhi, wangefunga na kuniombea. Sikuwaambia. Ningewaelezaje? Si risasi niliyoipenda. Nilipenda ule muda mdogo kabla yake. Unatoa pumzi, inakwisha, karatasi ya shabaha inaelea mbele yako, na hakuna mtu duniani anayekutaka. Hapo ndipo kidole kinapoanza kuvuta. Katika muda ule niliwahi kusahau hata umri wangu.

Bastola yangu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, tena iliyokwisha kutumika. Niliinunua majuma machache tu kabla serikali haijafunga biashara ya bastola, wala sikujua kwamba nilikuwa napita mlangoni dakika ya mwisho. Tuliokuwa nazo tuliruhusiwa kubaki nazo, basi. Huwezi kununua nyingine, huwezi kupewa, huwezi kurithishwa. Klabu yetu haiazimi. Kampuni iliyotengeneza ile yangu nayo ilikuwa imefungwa zamani. Kwa hiyo chuma kile kikifa, na Jumamosi zangu zimekufa, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri kwa mtu yeyote.

Ubaya wake ulikuwa kwenye kifyatulio, pale kidole kinapovuta. Kilikuwa kigumu, kinakwama, kinateleza, kinakwama tena, kama droo ya kabati la zamani. Nikiwa katikati ya utulivu wangu kinanishtua. Pale klabuni kila mtu alikuwa na ushauri. Nusu yao walisema nifungue mwenyewe, nitafute msasa laini na video, jioni moja inatosha. Nusu nyingine walitikisa vichwa na kunitajia fundi wa bunduki, mzee mmoja wa Richmond Hill. Mimi niliamini mikono yangu.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nilitandaza taulo jeupe kwenye meza ya jikoni, nikaifungua. Theluji ilikuwa ikishuka polepole dirishani, na vipande vilivyolala juu ya taulo vilipendeza hata sikutaka kuvigusa. Kimoja kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Hicho ndicho kinachoshikilia nyundo ya bastola isianguke. Ukikisugua kupita kiasi, bastola inaweza kufyatuka yenyewe. Mimi ninayetafuta mishipa kwenye mikono ya watu wa miaka tisini bila kutetemeka, nilishika msasa nikatokwa na jasho. Nikauweka chini.

Mume wangu akapita na kikombe chake cha chai. "Si upeleke tu kwa fundi, mama?"

"Na akinitolea spea?"

"Ai! Hapa si jua kali. Watu wa hapa wana license."

"Jua kali ndiyo iliyonifundisha."

Akacheka, akaenda zake. Lakini mimi sikuwa natania. Nimekulia Nakuru, na kwetu chombo hakiachwi hivi hivi kwa fundi wa jua kali, wale wa kando ya barabara. Redio ya mama ilienda kwa fundi ikiimba, ikarudi inakohoa. Baba alichora namba ya gari lake kwenye vioo, kwenye taa, hata kwenye betri. Ukimwachia fundi kitu chako utaambiwa njoo kesho hadi uchoke, na siku utakayokipata, ndani yake si chako tena. Mwenye akili hukaa pale pale mpaka kazi iishe. Na huyu mzee, nilivyoambiwa, hakai na mteja. Unaacha mzigo dirishani unaondoka.

Kwa hiyo, kwa kuwa vipande vilikuwa wazi mbele yangu, nilichukua sindano ya chuma nikachora mistari miwili midogo kwenye kila kimoja. Akibadilisha, nitajua. Kile kidogo kuliko vyote kilikuwa na upande mmoja tu ulio bapa vya kutosha, nikachora hapo, nikikandamiza ili mistari isifutike. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Nikaiunganisha tena bastola, nikaomba kibali cha kuisafirisha, nikaifungia kwenye sanduku lenye kufuli ndani ya buti la gari, nikaendesha hadi Richmond Hill. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Mzee wa Kireno, miwani minene, alipokea sanduku dirishani, akaandika karatasi, akafunga. Siku ya tatu akanipigia simu niende.

Nilimkuta ameweka kile kipande kidogo chini ya taa.

"Nani alichora hapa?"

Ningeweza kudanganya. Bastola ilikuwa imetumika na mtu mwingine kabla yangu, na maneno hayo yalishafika mdomoni. Lakini alikuwa akiniangalia bila hasira, nikashindwa. Nikamweleza yote, sindano, spea, redio ya mama. Nilipomaliza uso ulikuwa ukiniwaka kwa aibu.

"Huu ndio upande unaoshikilia nyundo," akasema. "Nikisugua mpaka mistari iishe, kipande kitakuwa kifupi na bastola itakufyatukia siku moja. Nikiacha hivi, chuma kitaliwa hapo hapo. Vyovyote vile siwezi kukurudishia uende nayo kupiga."

"Kingine?"

"Hakitengenezwi. Nimepiga simu kila ninakokujua."

Nikashika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiilinda. Hasira niliyokuwa nimewawekea mafundi wote wa dunia ilinirudia mimi.

Mzee akauliza, "Huko kwenu, mtu asipomwamini fundi hufanya nini?"

"Hukaa naye mpaka amalize."

Akafungua kimlango kilichokuwa kando ya dirisha. Akaondoa rundo la matambara juu ya kiti, akakivuta karibu na meza. "Kaa."

Nikakaa. Karakana ilinuka mafuta na mbao, na mwanga wa theluji uliingia ukatulia juu ya vyuma. Alifungua kabati la chuma akatoa bastola ya aina ile ile ya yangu, ila kuukuu zaidi, mpini umelika mahali pa vidole. Nilidhani anataka kunionyesha kitu. Akaanza kuifungua taratibu, vidole vikitafuta njia vyenyewe, macho yake yakiwa dirishani.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Yangu. Nilijifunzia kupiga na hii."

Ndipo nilipoelewa, nikainuka. "Hapana, mzee. Hapana."

"Miaka miwili sasa karatasi ya shabaha naiona ukungu mtupu. Siwezi kuiuza, siwezi kumpa mtu. Nikifa wataiyeyusha." Kile kipande kidogo cha bastola yake kilikuwa tayari kwenye kiganja chake. "Kaa chini, unanizibia mwanga."

Alikisafisha, akakilaza mahali pake ndani ya yangu, akavuta kifyatulio mara nyingi bila risasi, akisikiliza. Akanipa nivute. Kidole changu hakikukwama popote. Kisha akarudishia ile yake vipande vilivyobaki, akaifuta kwa mafuta kila pembe, akaifungia kabatini. Nililia pale kitini bila kujificha, naye akaniacha nilie.