Ndevu za Pamba

Nianze na ujinga wenyewe ili tusisumbuane: nikiwa na miaka minane nilichokoa pamba iliyoziba ufa wa boti letu, nikajitengenezea ndevu. Ndiyo, boti lilikuwa majini. Ndiyo, tulikuwa tunaishi humo. Cheka kwanza, nakusubiri.

Sikupanga kuyasema haya. Ila sasa niko kidato cha tatu hapa Kishapu, nakaa kwa bibi mzaa mama, na msimu huu malori ya pamba yanapita nyuma ya darasa letu tangu asubuhi. Harufu inaingia dirishani, ile ya mbegu na vumbi na mafuta yaliyolala, na mwalimu akiuliza swali mimi niko ziwani. Wenzangu wanadhani nasinzia. Waache.

Pamba ya botini ilitoka hukuhuku, shambani kwa bibi. Pale mwaloni Nkome, ufukweni boti zinapoegeshwa, wengine walinunua nyuzi za dukani kuzibia boti zao. Mama hakutaka. Alisokota pamba ya kwao pajani, akailoweka kwenye mafuta, kisha Baba akaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo ilifanyika boti likiwa limepinduliwa mchangani, na kwa siku hizo chache tulilala nchi kavu kama watu.

Siku nyingine zote tulilala botini, chini ya turubai. Baba aliacha kuchimba dhahabu baada ya shimo kumfukia rafiki yake, akahamia kwenye boti la mbao lenye injini moja iliyokohoa kuliko mgonjwa. Ubavuni aliandika TUTAFIKA TU. Tulibeba magunia ya dagaa kutoka visiwani kuja Nkome, tukigeuka tena na unga na chumvi. Mama alipikia jiko la mkaa lililokaa kwenye sanduku la mchanga, lisiunguze boti. Mdogo wangu Kabula, wa miaka mitatu, alifungwa kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye benchi, kama mbuzi wa sikukuu. Mimi nilikumba maji kila asubuhi, nikiyatoa botini kwa dumu lililokatwa. Nguo zetu hazikuwahi kukauka sawasawa. Mpaka leo nikivaa shati kavu kabisa naona kama nimeliazima.

Mbele kabisa ya boti ilikaa cherehani ya miguu, chuma kitupu, imefunikwa kitenge cha bluu. Mama aliipata baada ya misimu miwili ya kuanika dagaa wa watu. Kila jioni aliifunua, akaipaka mafuta, akaifunika. Geita mjini kulikuwa na chumba, na mwenye nyumba ameshakubali. Mama atashona sare za shule. Mimi nitaanza darasa la kwanza, mzee mzima wa miaka minane. Kabula atafunguliwa kamba. Ilibaki safari moja tu, kutoka kisiwani Kome hadi Nkome, na hapo yeye na cherehani yake washuke.

Asubuhi ya safari hiyo Kabula alikuwa na wiki nzima hajacheka. Alitoka kuugua malaria, akawa anakaa tu kwenye kamba yake akiangalia maji, na mimi, fundi wa vichekesho, nimejaribu kila kitu. Nimekuwa bata. Nimekuwa kiboko mwenye mafua. Bure. Ndipo nikamkumbuka katekista wetu wa mwaloni, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyepiga chafya katikati ya kila sala. Nikajipenyeza nyuma ya cherehani, ambako hakuna anayeona, nikavuta pamba kutoka kwenye ufa. Ilitoka ndefu, tamu kuvuta, ya rangi ya meno ya katekista. Nikaibandika kidevuni kwa ugali wa jana.

"Tuombe," nikasema kwa sauti nzito. "Ewe Bwana uliyeumba… ha… ha… hachaa!"

Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, mkono mdomoni.

"Bhebhe! Wewe mtoto utakufa kifo cha ajabu," akasema. Alidhani pamba nimeitoa kwenye kikapu chake cha kusokotea.

Nikaziweka ndevu mfukoni, kwa ajili ya onyesho la pili.

Tulikuwa katikati ya maji, nchi kavu ni mstari tu, Baba aliposema, "Makoye, umekumba maji leo?" Nilikuwa nimekumba. Lakini maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na magunia ya chini yanayanywa. Tukakumba wote watatu. Yakapanda. Baba akatupa magunia mawili, matatu, ya watu. Yakazidi kupanda. Kabula akaanza kulia, na Mama akamfungua kamba ili, kama ni kuzama, asizame amefungwa.

"Yanaingilia mbele!" Baba alipiga kelele. "Mbele pazito, pamelala chini!"

Hakusema cherehani. Alisimama tu ameshika gunia, anaiangalia. Mama ndiye aliyekwenda. Alifungua kitenge kwanza, akakikunja vizuri, akakiweka begani. Kisha akasema, "Baba Makoye, shika huko," na wakaiinua pamoja, wakaiachia ziwani. Haikutoa hata mlio. Kitu kizito namna ile, nilitegemea kelele.

Mbele pakainuka kidogo, na ufa ukaonekana ukitema maji. Nami niliyekuwa karibu nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ndevu, nikazishindilia mle kwa kidole gumba. Zilikuwa bado na ugali. Nilipoinua macho Mama alikuwa anaangalia mkono wangu. Halafu akachukua dumu, akakumba.

Niliishi nao botini miaka minne zaidi. Kabula alirudi kwenye kamba mpaka ikamchubua kiunoni, na ile alama anayo bado. Chumba cha Geita kikapata mtu mwingine. Mama bado yuko ziwani sasa hivi ninapoandika. Mimi ndiye niliyeshuka, nikaja kwa bibi kuanza shule, nimechelewa.

Nilichokielewa baadaye sana ni hiki. Tulipofika Nkome Baba aliinama pale mbele, akachungulia ufa, akauliza, "Nani kachokoa hii?" Mama akajibu, "Panya." Nilidhani ameniokoa na fimbo, basi, imeisha. Kumbe Baba aliuamini uongo ule. Miaka yote minne, kila akichoka, alimwambia Mama kwamba panya waliletwa na vyakula alivyokuwa akivificha chini ya cherehani yake, kwamba yeye ndiye nusura atuue. Na Mama alikuwa akisikiliza huku anakoroga uji, na mimi pembeni nikiiga mlio wa bata.

Siku ile mwaloni, Baba akiwa bado ameinama, anapapasa ufa kwa vidole, Mama alinisogelea na kile kitenge begani, akaniinamia mpaka pumzi yake ikanigusa sikio. Nikasubiri kofi. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Makoye, kanawe kidevu kabla baba yako hajageuka."