Mashoka ya Mzee Dahir Chini ya Turubai

Chekeni tu, maana hata mke wangu anacheka mpaka leo, lakini siku ile mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Galbet nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, na kampuni moja ya wageni ilipewa ruhusa ya kurusha ndege ndogo huku kwetu Garissa kutafuta dhahabu (ndege haioni dhahabu, msidanganyike, inapima sumaku ya miamba, halafu wataalamu wanakisia pa kuchimba). Mimi kazi yangu ilikuwa chini, kulinda chombo kingine cha kupima sumaku, kilichokaa chini ya turubai nje ya mji kikichora mstari kwenye karatasi mchana kutwa, ili hesabu za ndege zirekebishwe kwa huo mstari. Sharti lilikuwa moja: chuma kisikaribie. Hata mkanda niliuvua kwa ajili ya bizimu yake ya chuma, nikafunga suruali kwa kamba, na bado nikajiona mtaalamu.

Sasa, nilikuwa nimemposa Hodan, na baba yake, Mzee Dahir, muuza mashoka, alikuwa hajanijibu miezi mitatu. Asubuhi moja, ndege iko angani, namwona huyo anakuja na punda wake, magunia yamejaa mashoka. Akanisalimu, akatazama jua, akatazama turubai langu, kivuli pekee pale. Nimwambie nini, "Adeer, ami yangu, rudi nyuma"? Unataka binti ya mtu halafu umfukuze kivulini? Nikamkaribisha, nikamshushia magunia (kwa mikono yangu hii!), nikayaweka kando ya chombo, nikamtilia chai ya maziwa. Kalamu ya chombo iliruka, nikaiona, nikageuza uso. Tukaongea mpaka karibu adhuhuri.

Kesho yake Mhandisi wa kampuni akatoka hemani na ramani, anapiga kelele za furaha, ameona alama kubwa ajabu. Hapo ndipo ningepaswa kusema habari ya mashoka. Badala yake nikajidanganya kwamba huenda ni kweli, nikakimbia kwa Mzee Dahir kujisifu kuwa kazi yangu imepata dhahabu, naye akamwambia kila mteja, na kufika alasiri watu wamejaa pale kwenye turubai, hata askari wa kizuizi cha barabarani wamekuja kuangalia.

Mhandisi akaikagua ile karatasi yangu mbele yao, uso ukabadilika.

"Nani alikuwa hapa jana asubuhi?"

Nikainama kukaza kamba ya suruali. Mzee Dahir, ndevu zake zina hina mpya, akajitokeza mbele kwa fahari, na lafudhi yake ya Kisomali isiyo na "p" wala "v".

"Mimi! Nilikaa haba haba na shoka yangu yote, na huyu mkwe wangu alinikaribisha fizuri sana!"

Mhandisi akanitazama, akatazama kamba ya suruali yangu, akaketi chini. Watu waliangua kicheko, askari wakashikana mabega, na mimi jasho linanitiririka.

"Wewe, kazi imekwisha," akasema.

Lakini sikumsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa bado kwenye lile neno moja. Mkwe! Amelitamka mbele ya mashahidi wote hao, atalirudishaje?

Basi nimeapa: nikipewa sharti la kazi, mgeni yeyote nitamwambia ukweli kabla sijamtilia chai. Yeyote kabisa. Ila Mzee Dahir angerudi leo na punda wake, ningemshushia magunia tena.