Kutu Katikati ya Daraja la Udugu

Kwaru, kwaru, kwaru. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaliachia daraja, mlio huo ndio unaotangulia. Kisha anaonekana mwenyewe: mwanamke wa miaka hamsini na ushei, ovaroli imejaa madoa, anakwangua kutu kwa brashi ya chuma.

Wenzake humwita Mama Rangi. Daraja hili ni zawadi ya nchi kubwa jirani kwa nchi yake ndogo, na kwa makubaliano kila nchi hupaka rangi nusu yake.

"Sisi nusu tulikuwa hatuijui," anasema. "Shemeji akitokea kwake anapitiliza urefu wa mkono mmoja upande wangu. Nami napitiliza kwake. Katikati panapakwa mara mbili."

Huyo Shemeji si ndugu yake. Ni mpaka rangi wa upande wa pili, aliyemfundisha kazi.

"Aliniambia, 'Nchi yangu imeoa kwenu, mahari ndiyo hili daraja.' Nikamjibu, 'Mmelipa nusu, bibi harusi haondoki!'"

Anacheka, kisha kicheko kinamkauka.

Miaka mitatu iliyopita ulichorwa mstari mweupe katikati. Wakubwa wa pande zote wakaamuru: asiuvuke mpaka rangi yeyote. Kila mmoja, kwa kuogopa lawama, akaishia kabla ya mstari. Katikati pakabaki yatima. Urafiki ukahubiriwa kila mwaka, kutu ikala kimyakimya.

Mwezi uliopita Shemeji aliegemea chuma cha pembeni pale katikati, akimsubiri wasalimiane. Chuma kikakatika. Akaangukia zege la nguzo, akavunjika nyonga.

"Nilikiona kinavyoliwa," anasema Mama Rangi. "Brashi ninayo mkononi. Mstari wa chokaa ukanishinda!"

Kesho wakubwa wanakuja kuadhimisha urafiki. Pengo halijazibwa, limefunikwa kwa bendera mbili. Msimamizi amemwonya: akizigusa, akatafute kazi kwingine.

Simu inaita. Ni Shemeji, yuko kitandani hospitalini.

"We mwanamke, hawajakufukuza tu?"

"Bado. Labda kesho."

"Kuna nini kesho? Acha ukorofi, una wajukuu wa kulisha."

Mama Rangi anaweka brashi chini. Machozi yanamlengalenga, sauti haitetemeki.

"Nisikilize, shemeji yangu. Kesho, kabla hawajafungua midomo, nitazivua bendera zile kwa mikono yangu, walione tundu ulilotumbukia. Nakuahidi."