Gauni Lililosahau Kwao

Fundi Pindo hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu hakuweza kumwona mtu amevaa nguo iliyokunjwa pindo ovyo akanyamaza. Angemsimamisha njiani, hata kama mtu mwenyewe ana haraka zake, akainama, akaligeuza pindo la suruali kuutazama mshono wa ndani, kisha akauliza, "Nani amekufanyia hivi?" kama daktari aliyekuta kidonda kimefungwa vibaya. Watu walimcheka, lakini nguo zao walimpelekea yeye.

Kibarazani kwake palikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango, kopo la vifungo, na kiti kimoja cha mteja. Kila aliyekalia kiti hicho alikuja na suruali mkononi na habari mdomoni. Ndiyo maana nyumba ya mfagizi wa kituo cha afya ilipoungua, Fundi Pindo alijua kabla moshi haujaisha.

Waya wa umeme ndio ulioshika moto, mchana, mama yuko kazini na binti yake yuko shule. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo watu walishukuru sana. Lakini jioni ile mama alibaki na sare ya kijani ya kazi aliyoivaa, binti akabaki na sare ya shule, na vingine vyote vilikuwa majivu.

Mtaa ule una midomo, hilo halina ubishi, lakini na roho unayo. Jua halijazama, kibaraza cha fundi kilikuwa kimejaa shuka, sufuria, ndoo, viatu na nguo. Wapo walioleta vitu vizuri, na wapo waliotumia nafasi hiyo kusafisha makabati yao. Kuna bwana mmoja alileta viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, akasubiri kushukuriwa, na akashukuriwa. Mwenye duka la simenti na misumari hakuwa wa aina hiyo. Yeye alileta gauni la buluu lenye maua meupe, lina kola pana na vifungo vikubwa vyeupe, zima kabisa, limepigwa pasi. "Lilinibana kidogo tu," alisema. "Huyu mwembamba, litamfaa."

Fundi Pindo alikunja vitu vyote vizuri, akavipeleka siku hiyo hiyo kwenye chumba walikohifadhiwa mama na binti. Hakugusa hata uzi. Alijiona amefanya wema, akalala usingizi mzuri.

Sasa, mwenye duka alikuwa na kasoro moja tu, nayo haikuwa ya moyo, ilikuwa ya koo. Miaka yote alikuwa akipaza sauti kuzishinda kelele za malori yanayoshusha simenti mlangoni kwake, hata akasahau kwamba mahali pengine hakuna malori. Jumamosi, kwenye foleni ya maji, watu wamejipanga na ndoo zao, mfagizi alifika amevaa lile gauni la buluu. Mwenye duka alimwona kutoka ng'ambo ya barabara.

"Eh! Gauni langu hilo!" alipaza sauti, amefurahi kwelikweli. "Jamani mtazameni! Limemkaa kuliko lilivyonikaa mimi!"

Foleni nzima iligeuka. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa vile tu mwenye duka alikuwa anachekesha. Mfagizi naye alitabasamu, la sivyo angefanya nini? Alijaza ndoo yake, akajitwika, akaondoka taratibu huku mkono mmoja umeishika ile kola kana kwamba anaweza kuificha. Fundi Pindo alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni. Naye alicheka.

Asubuhi yake alipofungua mlango, alikuta furushi kibarazani. Gauni lilikuwa juu, limefuliwa na kunyooshwa. Chini yake zilikuwepo nguo zote nyingine, za mama na za binti. Shuka na sufuria hazikurudi, kwa kuwa shuka na sufuria mtu huzitumia ndani ya nyumba. Fundi akakaa kwenye kile kiti cha mteja, furushi mapajani, na kicheko chake cha jana kikamrudia chote. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Tangu siku hiyo mfagizi alivaa sare ya kijani siku zote. Sokoni sare, kanisani sare, kazini sare. Aliifua jioni na kuivaa asubuhi, na ukimsalimia alikujibu vizuri tu, lakini ukimwambia "pole" alikuwa ameshapita. Watu wenye haraka ya kuhukumu walisema ana kiburi. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeunguliwa na kila kitu ana haki ya kulinda kile ambacho moto haukukifikia.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kama si binti. Alikuwa anamaliza masomo mwaka huo, na shule ilikuwa imetangaza mahafali. Siku hiyo kila mwanafunzi angepanda jukwaani pamoja na mzazi wake kupokea cheti, na cheti kingetolewa na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mwenyekiti alikuwa nani? Mwenye duka, bila shaka. Hakukuwa na mtu mwingine ambaye angesikika bila kipaza sauti.

Binti alikuja kibarazani kabla ya kwenda shule, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama mkubwa, mama anasema haji."

"Haji wapi?"

"Mahafali. Anasema nimchukue mama wa rafiki yangu anisindikize. Anasema hawezi kupanda pale juu na sare ya kufagilia mbele ya watu, na cha mtu havai tena." Machozi yakaanza kumtoka. "Yeye ndiye aliyenisomesha. Nisindikizwe na mama wa mtu?"

Fundi Pindo alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani, kisha akamwambia aende shule, ataangalia la kufanya. Kusema kweli hakuwa na la kufanya. Kununua kitambaa kipya hakuweza, kodi ya kibaraza tu ilikuwa inamtoa jasho. Na hata angeweza, angekipeleka vipi? Mlango uliogongwa kwa wema ukafungwa haufunguki kwa kugongwa kwa nguvu zaidi. Siku mbili aliendesha cherehani huku akili iko kwingine, akamshonea mteja zipu kinyume, jambo ambalo halijapata kutokea.

Siku ya tatu akaenda mwenyewe kituo cha afya, akamkuta mfagizi anakamua dekio nyuma ya jengo.

"Mdogo wangu, sijaja kukupa kitu," alianza. "Nimekuja kuomba."

Mfagizi akasimamisha mkono. Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba chochote tangu siku ya moto.

"Nina magunia mawili ya nguo za watu. Zinakwenda kwa wale wa bondeni, wale ambao maji yaliwaingilia ndani. Lakini sitaki ziende kama zilivyo. Uliona mwenyewe yaliyotokea kwenye foleni ya maji. Mimi niliyaona pia, na nilicheka, na sijapata raha tangu siku ile. Nisamehe. Nataka kila nguo isahau kwao kabla ya kutoka kibarazani. Kushona ninaweza. Macho ya kufumua ndiyo yamechoka."

Mfagizi alilitundika dekio ukingoni mwa ndoo.

"Nikitoka kazini nitapita," akasema.

Akapita, siku ile na zilizofuata. Alikaa kwenye kiti cha mteja na wembe wa kufumulia, na haikuchukua muda ikaonekana kwamba kazi ile anaijua kwa namna ambayo fundi hakuijua. Fundi alikuwa akibadilisha mikono na viuno. Mfagizi alikuwa akikataa. "Hiyo acha, dada. Hakuna mtu anayekumbuka kiuno. Watu wanakumbuka vifungo. Wanakumbuka kola, na mfuko. Toa vifungo." Wakatoa vifungo. Shati la mwalimu likapata kola nyembamba, sketi ya mke wa mchinjaji ikapoteza mifuko yake miwili, na kila jioni wawili hao waliinyanyua nguo moja moja mbele ya taa wakiulizana, "Hii ni ya nani?" Ukiweza kujibu, inarudi kwenye wembe. Walianza kucheka. Mume wa fundi, dereva mstaafu asiyejua sindano wala uzi, akawekwa kuwa hakimu, na siku aliposhindwa kulitambua shati lake mwenyewe, walivunjika mbavu.

Gauni la buluu lilikuwa ndani ya gunia la pili. Fundi hakulificha wala hakuliweka juu. Mfagizi akalifikia zamu yake ilipofika, akalitandaza mapajani, na kicheko kikakatika.

"Na hili?"

"Nalo ni la bondeni," fundi alijibu, macho kwenye sindano. "Kule mwenye duka hapiti."

Mfagizi alilitandika gauni mezani. Akashika wembe, akaanza na vifungo, akaja kwenye kola, na alipomaliza kola hakuacha. Alifumua mabega, akafumua mbavu, akafumua mpaka pindo, hadi gauni likawa vipande tu juu ya meza. Kisha akakigeuza kipande kimoja, akakisogeza kwenye mwanga.

"Dada, hebu njoo utazame huku."

Upande wa ndani, ambao haukuwahi kuona jua, maua yalionekana kwa mbali sana, na buluu yake ilikuwa imetulia, karibu na kijivu. Kilikuwa kitambaa kingine kabisa. Hata alama ya kola haikuwepo.

"Hili hata mimi silijui," mfagizi alisema polepole.

Fundi Pindo aliiweka sindano mezani. Akaivua tepu ya kupimia shingoni.

"Simama," akamwambia.

Mfagizi alibaki ameketi kidogo, mikono juu ya vile vipande. Halafu akasimama.

"Pindo unataka liishie wapi?" fundi aliuliza, kwa sauti ile ile anayomuulizia kila mteja.

"Chini ya goti," alisema mfagizi. "Na lisiwe na vifungo."

Siku ya mahafali fundi alikaa safu ya tatu, na moyo ulimwenda mbio kama yeye ndiye anayepokea cheti. Jina la binti likaitwa. Mama na mwana wakapanda ngazi wameshikana mikono, gauni limekaa mwilini kama lilizaliwa naye. Mwenye duka akatoa cheti, akapeana mkono na binti, akapeana mkono na mama, akamtazama juu hadi chini. Fundi akafumba macho. Alipoyafumbua, anaitwa mwanafunzi mwingine.

Lakini hatari haikuwa imepita. Watu walipotawanyika kupiga picha na kunywa soda, aliiona kofia kubwa ya mwenye duka ikipasua watu, inakwenda moja kwa moja alikosimama mfagizi. Fundi akawahi, soda ikimwagika mkononi.

"Mwenzangu!" Uwanja mzima ulisikia. "Gauni gani hilo? Nimekutazama pale juu nikasahau mpaka jina la mtoto anayefuata. Fundi, na wewe ndiye uliyeshona, usinifiche! Nataka kama hilo. Kama hilo hasa!"

"Kitambaa hicho hakipatikani tena," fundi alisema, na mbele za Mungu hakuwa amesema uongo.

"Haiwezekani. Dada, wewe ulikipata wapi?"

Watu walikuwa wamegeuka, kama siku ile ya foleni ya maji. Mkono wa mfagizi ulipanda kwenda shingoni, ukakuta hakuna kola ya kuficha, ukashuka.

"Nilipewa," alisema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Niliunguliwa, kuna mtu akanipa kitu chake kizuri. Siku ile sikuweza kumshukuru."

Mwenye duka alishika kifua. Macho yalimlengalenga, kwa maana moyo wake, nilishasema, haukuwa na kasoro.

"Mungu amzidishie huyo mtu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, aliongea kwa sauti ya chini.

"Amina," akajibu mfagizi. Alimshika mwenye duka mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie upesi. "Amina. Asante sana."

"Usinishukuru mimi, mshukuru yeye."

"Nimeshamshukuru."

Fundi Pindo aliinama ghafla pale pale kwenye vumbi, akalishika pindo la gauni, akaligeuza kuutazama mshono wa ndani. Mshono ulikuwa sawasawa na alijua uko sawasawa, ila alihitaji mahali pa kuweka uso wake.

"Ona huyu, hata leo!" mwenye duka alipaza sauti, amerudia hali yake. "Inuka, fundi, mwache mwenzako. Pindo halina neno."