Hesabu ya Ng'ombe wa Baba

Kwetu Nyakasimbi, mfugaji haulizwi ana ng'ombe wangapi. Unamuuliza kama hawajambo, naye anajibu wapo, Mungu anasaidia, basi. Baba hakuwahi kumtajia idadi hata padri wake. Mimi mwanawe nimekua nikiwafungulia zizi kila asubuhi na sikuthubutu kuwahesabu kwa sauti.

Mwaka juzi nilikuja kumsalimia kutoka Ihanda nilikoolewa, nikamkuta bwana mmoja wa kampuni ya mtandao amekaa sebuleni, kishikwambi mapajani. Alikuwa amemwamkia mzee vizuri, na maziwa ya baba alikuwa ameshayanywa mpaka tone la mwisho. Akaeleza kwamba mfugaji akisajiliwa atapata ujumbe wa chanjo, dawa na masoko, bure kabisa. Kisha akasoma maelezo marefu mbiombio, kama mtu anayekimbia mvua, akamalizia: "Mzee, unakubali?"

Baba akanitazama. Kwetu, mtu akishakunywa maziwa yako, kumwambia hapana ni sawa na kumfukuza.

"Sawa, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke salama.

Yule bwana akabonyeza. Nikamwambia asubiri, mzee amemjibu kwa heshima tu, hajakubali chochote. Akatabasamu. "Dada, mwenyewe ameshasema sawa." Akaenda zizini kuwapiga picha ng'ombe, mmoja baada ya mwingine.

Chanjo hatukuiona. Simu ndizo tulizoziona. Wa kwanza kupiga alikuwa mchuuzi wa nyama, akamtajia baba idadi ya ng'ombe wake kavukavu, asubuhi, hata chai hajanywa. Baba akaiweka simu kwenye kiti akaenda kunawa mikono. Mwingine akamuulizia yule jike mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Tangu hapo baba akawa analifunga zizi kwa kufuli, na usingizi ukamkimbia. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu asiowaona. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Nikapiga namba ya kampuni. Mama mmoja mwenye sauti tamu akanijibu kwamba kwao wanaweza kufuta, lakini taarifa zilishakwenda kwa washirika, na huko hawana uwezo.

"Washirika gani?"

"Hilo siwezi kukuambia, dada. Ni siri ya kampuni."

Nikampelekea baba jibu hilo. Wiki ileile akauza majike kadhaa, kisha fahali, kisha yule mwekundu, ambaye alikuwa akimwita jina anakuja. Nikamlilia, nikamwambia anaiharibu mali yake kwa mikono yake.

"Nataka wanachokijua kiwe uongo," akasema.

Njia nyingine sikuiona hata mimi niliyesoma.

Zizi likabaki nusu. Jumapili moja, tumetoka kanisani, simu yake ikaita, nikaipokea mimi. Mwanamume nisiyemjua akasalimia kwa adabu. Akasema amesikia mzee amepunguza mifugo, anampa pole. Akataja idadi ya waliobaki, wala hakukosea, akauliza kama na hao wanauzwa.

Baba alikuwa ananitazama, akisubiri nimwambie ni nani.