Mjomba Agoma Kufa Bila Mlio

Bunduki ya maigizo ina kazi mbili tu: ionekane bunduki, na ilie inapotakiwa kulia. Nalisema hili kwa uhakika wa mtu aliyefaulu la kwanza na kuaibika kwa la pili mbele ya mgeni rasmi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Tukuyu mjini yalipoanza kujaa vitu vya plastiki kutoka nje. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia, sina ajira. Shule niliyosoma, huko Bulyaga, ikaandaa sherehe, na kamati ikanipa igizo la babu zetu walipopigana na Wajerumani. Pigano lenyewe lilikuwa dogo, vitabuni halimo. Ila katika ukoo wa mama lilisimuliwa kila msiba, kwa sababu aliyekufa kwa risasi ya kwanza alikuwa babu yake mjomba wangu.

Kwa hiyo mjomba, mkulima wa migomba na chai kule Kawetele, aliidai nafasi ya kumwigiza. Hakuomba, alidai.

"Baba alikuwa mtoto," aliniambia. "Alisikia mlio akiwa mgombani, hakuluhusiwa kwenda kuona. Mimi nataka watu waone. Alikufa amesimama mbele."

Nilichonga bunduki sita za mkaratusi, na ndani ya kila moja nikafunga bastola ya plastiki ya watoto, ile ya fataki za utepe wa karatasi. Ukivuta kifyatulio, paa, na kamoshi kidogo. Mazoezini zililia tano kati ya sita. Niliiambia kamati kwamba Wajerumani wenyewe wangezionea wivu.

Mjomba alikuja, akazinusa fataki. "Hizi zinaogopa maji."

"Tutazibeba kwenye mikoba ya turubai, mjomba. Kama askari wa wakati ule."

"Weka kwenye lambo."

Mfuko wa rambo, ule wa plastiki wa dukani! Nilimweleza kwa upole wa msomi kwamba zama za Wajerumani mifuko ya rambo haikuwepo.

"Mvua ilikuwepo," alisema.

Siku ya sherehe ilinyesha tangu alfajiri, manyunyu yale ambayo kwetu hayahesabiwi kuwa mvua. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni wa Wajerumani, kofia yangu ya boksi ikiwa imeshaanza kunilalia masikioni. Mashujaa wakatokea nyuma ya madarasa na mikuki yao, mjomba mbele, amejifunga shuka jeupe jipya. Akafika mahali pake pa kufia, akatoa kifua.

"Fyatua!" nikapaza sauti.

Tik. Tik. Tik. Bunduki zote sita.

Mjomba alisimama palepale, mkuki juu, akisubiri.

"Kufa basi, babu!" watoto wakapiga kelele.

"Nife kwa nini? Kwa tik?"

Uwanja ukacheka. Nikamsogelea. "Mjomba, anguka tu."

"Sijapigwa."

Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyenifundisha. Nilimwelekezea bunduki nikasema kwa mdomo, kwa sauti kubwa: "Paa!"

Alinitazama kama mtu aliyeuza ndizi miaka yote ili nisome, na sasa ameona nilichosoma. Nyuma yake vijana walishachoka kusubiri kufa. Wakampita, wakatuvamia. Nilikufa haraka, kifudifudi kwenye tope, na Wajerumani tukashindwa kabisa. Watu walishangilia mpaka mgeni rasmi akasimama kupiga makofi. Baadaye alinishukuru, akasema kumbe hakujua kwamba tuliwashinda.

Mjomba hakushangilia. Alinikuta najipangusa.

"Mmemfanya kichekesho," alisema. "Yeye alikufa." Akaondoka bila kugusa chakula cha sherehe.

Siku ya tatu mawingu yalifunguka. Nilikwenda Kawetele na bunduki moja, fataki mpya zikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Nikamkuta anapunguza majani ya migomba.

"Nimekuja kukuua vizuri, mjomba."

Aliutazama mfuko kwa muda. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na lile shuka, limefuliwa, na mkuki. Akamwita mkewe kutoka jikoni: "Njoo uone."

Akasimama pale migomba inapokutana na chai, kifua mbele. Nikavuta. Tik. Hakutikisika. Nikavuta tena.

Paa! Ndege wakaruka mgombani.

Alianguka polepole, magoti kwanza, kisha ubavu, mkuki haukumtoka mkononi. Alilala muda mrefu hata mkewe akasogea, akifuta mikono kwenye kanga.

"Mlio umefika mgombani?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Umefika, baba," mkewe alimjibu.

Ndipo aliponinyooshea mkono nimwinue.