Mkasi wa Mzee Antiogu

Mzee Antiogu Mele alininyolea kondoo kila Mei kwa miaka thelathini. Hapa kwetu milimani Sardinia, siku ya kunyoa majirani huja kukusaidia bure, nawe unawalisha nyama na mvinyo. Sisi tulifunga miguu na kukusanya sufu. Mkasi ulikuwa wake. Mdomo mchafu, mkono mwepesi. Hakuwa na mke wala mtoto. Jina lake lilikuwa mkono ule.

Mwaka ule nilikuwa nimeiacha ferula ijae bondeni. Ni gugu refu la maua ya njano, na kondoo akilila damu yake haigandi tena. Baba yangu aliling'oa kwa jembe. Mimi nikajitia ujanja, maana kiwanda kipya kilinunua mabua yake makavu kutengenezea mbao nyepesi, na nilishawatambia wenzangu kwamba wanang'oa mali. Mvua ikakosa, nyasi zikakauka. Siku nne kabla ya kunyoa, kondoo wangu wenye njaa walivunja ua wakashinda bondeni kutwa wakiitafuna.

Antiogu aliuliza kama alivyouliza kila mwaka kabla ya kushika kondoo wa kwanza.

"Bobore, wamegusa ferula?"

"Hawajagusa."

"Una hakika? Siku hizi wewe si profesa wa magugu?"

Watu wakaangua kicheko. Ningekubali, kijiji kizima kingenicheka.

"Nyoa, mzee, nyama itapoa."

Kwetu mchungaji akishasema juu ya malisho yake, hahojiwi. Akanyoa. Mikwaruzo midogo haikosekani, na siku zote hukauka yenyewe. Mchana ule haikukauka. Kondoo walisimama uchi juani, damu ikichirizika mbavuni mwao. Antiogu alipaka majivu, akavua shati akalikandamiza kwenye mikwaruzo.

"Mkono wangu una nini leo?"

"Mzee, umelewa?" Bachis, mpwa wake, alimfokea.

"Hata tone sijaonja! Bobore, mwambie!"

Nikainama kushika kondoo. Kufikia jioni walikuwa wamekufa ishirini na sita.

Mchungaji akipoteza kundi, kila mwenzake humpelekea kondoo mmoja aanze upya. Jumapili wakaja. Antiogu alikuwa na majike sita tu ya maziwa yake, akayaleta yote.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuua."

"Yameshapita, mzee," nikasema, nikayaingiza zizini.

Hakuna aliyemwita kunyoa tena. Alishinda barazani kwa Bachis mikono ikiwa mapajani, hamtukani mtu, na baridi ya mwaka wa pili ikamchukua. Jeneza nililinunua mimi, nikalibeba upande wa mbele. Hadi leo watu wananisifu kwa moyo wangu wa kusamehe.